Kufunga hita ya dizeli kwenye trela ya boksi ya kubeba vifaranga, njia ya Nakuru – Timboroa

NjoroKuku
Habari za jioni wakuu. Nataka mnisaidie kufikiria hii kitu kabla sijakata tundu kwenye trela. Niko na trela ya kufungwa, boksi ya mabati urefu mita 3, upana mita 1.6, kimo mita 1.8, sakafu ni plaiwudi nene, naivuta na pikapu. Kazi yake kubwa ni vifaranga wa siku moja. Nachukua mzigo Nakuru, napeleka Burnt Forest na Eldoret, siku zingine nakata pale Mau Summit nashuka Londiani, Kericho mpaka Kisumu. Naenda usiku ndio wateja wawapokee asubuhi mapema na wapate siku nzima ya kuwazoesha maji na chakula.

Shida mnaijua. Ukishapita Salgaa unapanda tu, na Timboroa uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, saa nane usiku mwezi wa saba hapo ni baridi ya kuuma masikio na boksi la bati halishiki joto hata kidogo. Wenzangu wengi wanaweka jiko la makaa ndani ya boksi, mimi hiyo sitaki kabisa.

Nimeona watu wa Canada na Minnesota wanafunga hita ndogo za dizeli kwenye trela zao za kubeba snowmobile, zile pikipiki za theluji, wanayeyusha barafu na kukausha nguo na buti usiku. Boksi zao hazina tofauti kubwa na yangu. Nauliza: nichukue ukubwa gani, tanki niweke wapi, betri ya aina gani, na je hiyo hita itawaka kweli kule juu Timboroa? Na kama kuna mtu ameshafunga huku kwetu aseme.

Dereva_A104
Boss umefanya vizuri kukataa jiko. Mimi naendesha hii barabara na hiyo tabia ya jiko nimeiona sana, mpaka kuna watu wa mizigo wanalala ndani ya boksi na jiko likiwa linawaka wakingoja kupambazuke pale Mau Summit. Ile hewa ya makaa haina harufu, haina rangi, mtu anasikia usingizi mzito na ndio basi. Kila msimu wa baridi huku Molo na Timboroa tunasikia familia imepotea hivyo ndani ya nyumba, sasa fikiria boksi la bati lililofungwa mlango kwa nje. Mwenye anasoma hapa na anafanya hivyo tafadhali aache leo.

FundiShabab
NjoroKuku karibu. Mimi hufunga hizi hita hapa Nakuru, nyingi kwa lori za safari ndefu na magari ya watalii ya kulala ndani, kwa hivyo nitaandika kirefu kidogo maana hapa kuna uhai.

Kwanza uelewe vile inafanya kazi. Ndani ya ile hita kuna hewa za aina mbili na hazitakiwi kukutana kamwe. Ya kwanza ni hewa ya moto, inaingia na paipu ndogo kutoka nje, inachanganyika na dizeli kwenye chumba cha kuchoma, hita plagi, kile kijiti cha umeme kinachopata moto, inawasha, moshi unatoka na paipu ya chuma kurudi nje. Ya pili ni hewa ya boksi, feni inaivuta kutoka ndani, inaipitisha juu ya mapezi ya alumini ya kile chumba, inarudi ndani ikiwa ya moto. Katikati yao kuna ukuta wa alumini tu. Hiyo ndio tofauti yake na jiko, jiko linachoma hewa ya ndani na kutapika moshi humo humo.

Kwa hivyo kazi yote ya kufunga ni kuhakikisha hizo hewa mbili hazikutani. Hita inakaa sakafuni, paipu ya moshi, paipu ya hewa ya moto na ile ya mafuta zote zinashuka moja kwa moja chini ya sakafu, na HAKUNA kiungo cha ekzosi ndani ya boksi. Hata kimoja. Nimeona kazi mtu ameweka sailensa ndani ya boksi ili isipigwe na mawe, sasa ile sailensa iko na katundu kadogo ka kutoa maji kwa chini, hapo moshi unaingia ndani masaa yote na mtu haoni.

Sakafu yako ni plaiwudi, na ekzosi inakuwa moto sana, inapita digrii 200 bila shida. Kata tundu kubwa, weka bamba la chuma na gasketi yake, hita ikae juu ya bamba sio juu ya mbao. Ekzosi iifunge ile bandeji ya kuzuia joto mpaka iachane na mbao na waya. Iteremke kidogo kidogo ndio maji yasisimame ndani.

NjoroKuku
Asante sana fundi. Mdomo wa ekzosi uangalie wapi? Nilikuwa nafikiria nyuma, kama ya gari.

FundiShabab
Hapana, nyuma ndio pabaya zaidi kwa trela. Boksi likienda mwendo wa 80, hewa ya nyuma ya mlango inakuwa pungufu, inavuta kila kitu kilicho karibu, vumbi, moshi wa pikapu yenyewe, na moshi wa hita. Raba ya mlango ikiwa imechoka kidogo tu moshi unaingia. Si umeona vile mlango wa nyuma wa trela unachafuka vumbi kuliko mbele? Ni hiyo kitu. Toa ekzosi ubavuni, upande wa kushoto wa kando ya barabara, iangalie chini na nyuma kidogo. Mdomo wa kuvuta hewa ya moto uwe upande ule mwingine, usiangalie mbele maana upepo na maji ya mvua vitasukumwa ndani. Huko kwenye theluji wanasumbuliwa na barafu kuziba hizi paipu, sisi ni tope. Ukitoka kwa mteja wa ndani ndani Molo msimu wa mvua piga magoti uangalie hizo midomo mbili kabla hujawasha.

MamaVifaranga_Molo
Samahani wanangu nitaingilia maana mnaongea hita na hakuna aliyetaja kifaranga. Mimi nimelea vifaranga miaka mingi na nauza kwa wafugaji huku Molo na Elburgon.

NjoroKuku mwanangu ulipanga kuweka digrii ngapi? Maana wengi wanasikia kuku mdogo anataka 32 au 33 wanaweka hiyo kwenye boksi. Hiyo ni ya kwenye bruda, pale pa joto pa kulelea vifaranga, ambapo ametandaziwa na ana nafasi ya kukimbia. Ndani ya katoni ya mia moja, wale ishirini na tano kwa kila chumba wanapashana joto wenyewe, katikati yao inapanda yenyewe kufika thelathini na kitu. Hewa ya gari inatakiwa iwe 22 mpaka 28 tu. Ukiweka 33 kwa gari, ndani ya katoni unawapika.

Na kitu kingine, wale vifaranga wanapumua. Elfu mbili au elfu tatu ndani ya boksi limefungwa kabisa, wanatoa joto, wanatoa mvuke, wanamaliza hewa. Mimi wale nimepokea wamekufa njiani, wengi hawakufa baridi. Walikuwa wamelowa, midomo wazi, na waliokufa ni wale wa katikati ya rundo, sio wa pembeni. Hiyo ni joto na kukosa hewa. Mtu anaogopa baridi ya Timboroa anaziba kila tundu na gunia halafu anashangaa asubuhi.

NjoroKuku
Mama asante sana, mimi kweli nilikuwa na mpango wa 32. Sasa nikiacha matundu wazi si baridi inaingia na hita inafanya kazi ya bure?

MamaVifaranga_Molo
Haifanyi bure. Hiyo ndio kazi yake, kupasha moto hewa mpya inayoingia ndio usiogope kuiingiza. Hita bila tundu la hewa ni jiko la bei ghali tu.

FundiShabab
Mama ameongea. Hata kwa mtu wa kulala ndani ya gari mimi hukataa kufunga kama hataki tundu la hewa.

NjoroKuku fanya hivi: tundu la kuingiza liwe ukuta wa mbele, juu kabisa, mbali na ekzosi ya pikapu, na kifuniko cha kusukuma uweze kupunguza. Tundu la kutoa liwe juu pia upande wa nyuma. Ile paipu ya kuleta joto ndani ya boksi kutoka kwa hita usiielekeze kwa katoni, zile za karibu zitaungua na za mbali zitaganda. Ipitishe sakafuni kando ya ukuta, toboa matundu njiani, hewa ipande yenyewe kati ya katoni. Na grili ya kuvuta hewa kurudi kwa hita isizibwe na mzigo, ikizibwa hita inajipika na kuzima.

KapsoitMix
Mimi naona mnamzungusha tu mkulima. Mabati yakiwekwa staerofomu, lile povu gumu jepesi la kuzuia joto, ya inchi mbili ndani na plaiwudi juu yake, na katoni zipangwe vizuri, joto la vifaranga wenyewe linatosha mpaka Eldoret. Hita ni kitu ingine ya kuharibika njiani usiku. Nimebeba hivyo na nimefika.

NjoroKuku
KapsoitMix nimekusikia na staerofomu nitaweka hata hivyo. Ila kuna siku napata mzigo kidogo, katoni nane au kumi tu kwa boksi kubwa, hao hawawezi kujipasha. Na kuna ile siku lori limelala barabarani pale Sachangwan na mnasimama masaa.

MamaVifaranga_Molo
Mzigo kidogo ndio hatari ya baridi kweli. Mzigo mwingi hatari ni joto. KapsoitMix hajakosea kwa boksi limejaa. Kwa hivyo ile hita iwe na kontrola ya kupima joto, sio ya kuwasha na kuzima tu, na sensa yake iwe katikati ya katoni kwa kimo cha katoni. Sio kwa paa, kule juu ni moto kila wakati itakudanganya.

FundiShabab
KapsoitMix staerofomu ni kweli, na inakuja kabla ya hita. Boksi tupu la bati hata hita ya kilowati 5 inafukuza joto nje. Boksi la ukubwa huu likishawekwa staerofomu kilowati 2 inatosha na inabaki.

Na hapa nataka nisisitize, usinunue kubwa kwa kudhani ni bora. Hizi hita zinapenda kufanya kazi kwa nguvu. Ya kilowati 5 kwa boksi dogo itakuwa inazembea kwa moto mdogo usiku kucha, na moto mdogo hauchomi dizeli yote, inaacha masizi kwenye chumba mpaka siku moja haiwaki. Ya kilowati 2 inakunywa robo lita kwa saa hivi ikiwa kwa nguvu, chini ya hapo ikipunguza. Safari nzima ya Eldoret ni kama lita moja.

Dereva_A104
Fundi jibu ile ya Timboroa. Mimi niko na moja kwa kabini ya lori, Mombasa mpaka Nairobi haina neno, ikipanda huku inatoa moshi mweupe na harufu na siku zingine inakataa kuwaka.

FundiShabab
Hiyo ni ukosefu wa hewa, na hii ndio kitu watu wa video za nje hawatawaambia maana wengi wao wako chini. Hapa Nakuru tuko mita 1,850, hewa imepungua karibu sehemu moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa. Timboroa imepungua zaidi ya robo. Lakini ile pampu ndogo ya mafuta, ile inagonga tik tik tik, haijui hivyo, inapiga dizeli ile ile ya pwani. Mafuta mengi, hewa kidogo, moto unakuwa mchafu, masizi yanajaa, hita plagi inafunikwa.

Hata zile za Kijerumani, Webasto na Eberspächer, vitabu vyao vinasema mpaka mita 1,500 hakuna shida, juu ya hapo kupita tu ni sawa lakini kukaa kunataka marekebisho au kifaa cha mwinuko. Sasa kule kwao mlima ni kitu unapita ukiteremka upande wa pili. Sisi hapa kuanzia Nakuru tuko juu ya hiyo 1,500 muda wote, unaipata chini ukishashuka Kericho kuelekea Awasi. Kwa hivyo kwetu sio jambo la kuongeza baadaye, ni la kuanza nalo.

Ukinunua, uliza kontrola yenye sensa ya mwinuko, inapima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Kama ni ile ya kawaida ya Kichina, nyingi zinakubali uingie ndani ya mipangilio, namba ya siri kwa nyingi ni 1688, hapo unapunguza mapigo ya pampu na kuongeza mzunguko wa feni. Punguza kidogo kidogo. Angalia ekzosi, ikiwa imeshika moto vizuri hutakiwi kuona moshi wowote. Na marekebisho ya Timboroa yafanyiwe Timboroa sio kwa yadi yangu hapa mtaa wa Shabab, Nakuru, nendeni mkapaki pahali pana huko juu mrekebishe.

Na kabla hujazima, ipandishe kwa nguvu dakika kumi au kumi na tano ichome masizi. Mara moja moja endesha na mafuta ya taa badala ya dizeli, yanachoma safi zaidi.

Dereva_A104
Kumbe. Asante sana fundi, nilikuwa nimeshapanga kubadilisha pampu bure.

BabaAchieng_Ksm
Mimi ndio napokea vifaranga huku Kisumu na Ahero, sio kwa NjoroKuku lakini kwa watu kama yeye. Nashukuru hii maongezi. Shida yetu ni upande huo mwingine, wanatoka Nakuru wamefungiwa kama wanaenda Timboroa, wakishuka Awasi na Ahero saa kumi na moja asubuhi hapa kumeshaanza joto, Kisumu tuko kwa mita 1,100 hivi, na dereva hajafungua hata tundu moja. Tunapokea wanahema. Kwa hivyo ile kontrola ya kupima joto ni muhimu lakini pia mtu asimame Kericho afungue matundu. Msitegemee mashine tu jameni.

MamaVifaranga_Molo
Baba Achieng hapo umesema. Kila dereva wa vifaranga afundishwe kusikiliza na kushika. Simama, fungua mlango kidogo, sikiza. Wakiwa sawa kuna sauti ya chini ya kupiga soga. Kelele kali za juu na wamerundikana kona moja, ni baridi. Kimya na midomo wazi, ni joto, na hapo huna muda. Mshike mmoja umguse miguu kwa shavu lako, miguu ikiwa baridi huyo kifaranga yuko baridi hata kama kipimo cha ukuta kinasema 26. Ukitaka kabisa kwa namba, chukua kipimajoto kile cha masikio ya mtoto umguse nacho kwa tundu la haja, inatakiwa isome kati ya 39.4 na 40.5.

NjoroKuku
Hii naandika kwa karatasi nibandike kwa dashibodi. Fundi sasa betri. Pikapu ni volti 12, nilikuwa nataka kuchukua umeme kwa ile plagi ya taa za trela.

FundiShabab
Usichukue hapo. Hita ikianza, hita plagi inavuta ampea 8 mpaka 10 kwa dakika chache, na zile waya za plagi ya trela ni nyembamba, volti zinaanguka njiani na hita inaona betri imekufa inakataa kuwaka. Hapo ndio watu wanarudisha hita wakidhani ni mbovu.

Weka betri yake yenyewe kwa trela. Ya ampea-saa 100 inatosha kabisa, ikishawaka inakula ampea moja au mbili tu kwa moto wa kawaida. Iweke nje kwenye mkono wa trela ndani ya kisanduku chenye matundu, maana betri ya asidi ikichajiwa inatoa hewa inayoshika moto, usiifungie na vifaranga. Waya kutoka betri kwa hita iwe nene, milimita 4 au 6 za eneo, na fyuzi karibu na betri sio karibu na hita. Kuichaji kutoka pikapu vuta waya nene peke yake na rilei, ile swichi ya umeme inayojikata injini ikizima.

Na muhimu sana: usizime hita kwa kukata umeme. Izime kwa swichi yake, itaendelea kupuliza dakika chache ipoe. Ukikata umeme ikiwa moto, feni inasimama na ile joto inabaki ndani inayeyusha plastiki na kuua sensa. Kwa hivyo mtu asichomoe betri ati amefika.

Tanki, ile ya plastiki ya lita 10 inakuja nayo, funga nje mbele, chini ya kiwango cha hita au karibu sawa, isiwe juu sana ndio mafuta yasiteremke yenyewe pampu ikizimwa. Pampu ikae karibu na tanki, juu ya raba, mdomo wa kutoa ukiangalia juu kwa mlalo wa kama digrii 15 mpaka 35 ndio mapovu ya hewa yatoke. Paipu ya mafuta tumia ile nailoni ngumu nyembamba. Ile laini inavimba na kila pigo la pampu na hita inapata mafuta kwa vipindi vipindi. Ikate na wembe, na pale inaungwa na raba ncha mbili zigusane.

BodaMlango4
Fundi swali. Mimi niko na trela kama hiyo nabeba pikipiki za wateja kutoka Nakuru kupeleka Kisumu, na narudi na mizigo. Hita ikiwa humo naweza kubeba pikipiki na nyanya pamoja nikiwasha kidogo?

FundiShabab
BodaMlango4 swali zuri, na hao watu wa snowmobile ndio wanalijua kuliko sisi maana mzigo wao wote una petroli ndani ya tanki na kabureta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni, na hita iko sakafuni. Moto wake uko ndani ya chumba kilichofungwa na unavuta hewa ya nje, kama imefungwa vizuri. Lakini mwili wa hita ni moto, kuna feni, kuna waya, na kama gasketi imelegea au mtu aliacha paipu ya hewa ya moto ikivuta ndani ya boksi, umeleta petroli kwa hita plagi.

Mimi msimamo wangu ni huu: pikipiki ikiwa na mafuta ndani, hita izimwe na iwe imepoa. Na ukijaza mafuta petroli stesheni, hita izimwe kabla hujaingia, hiyo hata vitabu vya hizi hita vinasema. Kama lazima ubebe pikipiki, funga koki ya mafuta, maliza mafuta ya kabureta kwa kuacha injini izime yenyewe, na acha matundu ya chini ya boksi wazi, sio ya juu peke yake.

BodaMlango4
Nimeelewa. Sitawasha na pikipiki ndani.

Dereva_A104
Na alamu ya ile hewa ya sumu? Mimi niko nayo kwa kabini.

FundiShabab
Lazima. Lakini kwa trela kuna kitu watu hawafikirii: alamu ikilia ndani ya boksi dereva aliye mbele hasikii kitu. Kwa hivyo moja ndani ya boksi, na waya uvutwe mpaka kwa buza ndogo ya dashibodi, au zile zinazotuma kwa redio. Kipimajoto vivyo hivyo, sensa nyuma na skrini mbele. Na kizima moto cha poda kiwe nje kwa mkono wa trela, sio ndani ya boksi lenye linaungua.

Vifaranga hawatakupa muda wa kuona. Ndege mdogo anavuta hewa haraka kuliko sisi, Uingereza walikuwa wakishuka migodini na ndege wa kanari mpaka 1986 kwa sababu ndege alikuwa anaanguka kabla mtu hajahisi chochote. Hao elfu mbili nyuma yako wataanguka wote kabla wewe uliye mbele ujue.

NjoroKuku
Wakuu nimerudi. Kazi imefanyika. Staerofomu inchi mbili kuta zote na paa, hita ya kilowati 2 yenye kontrola ya mwinuko, bamba la chuma sakafuni, ekzosi ubavuni, betri na tanki nje mbele, tundu la juu mbele na la juu nyuma. Nilienda nayo mpaka Timboroa bila vifaranga kwanza, nimebeba ndoo za maji ya vuguvugu kwa katoni, nikaacha inafanya kazi na matundu wazi nusu. Nje kulikuwa na digrii 7, ndani kwa kimo cha katoni ikakaa 25 mpaka 26, kona ya nyuma kulia ikabaki 21. Ekzosi haina moshi ikishashika. Alamu imesoma sufuri muda wote na nilisimama pale nyuma ya mlango nikinusa, hakuna harufu.

Hiyo kona ya nyuma ndio inanisumbua sasa.

FundiShabab
Safi sana. Hiyo kona hewa haifiki, paipu yako imeishia mapema au matundu ya mwanzo ni makubwa yanamaliza yote. Ziba nusu ya yale ya karibu na hita, hewa itasukumwa mpaka mwisho. Usiongeze moto kwa sababu ya hiyo kona.

MamaVifaranga_Molo
Na mpaka utengeneze, hiyo kona usiweke katoni, weka mifuko yako ya chakula. Acha pia nafasi ya vidole vinne kati ya kila safu ya katoni na funga kamba zisisogee kwa matuta ya Salgaa, zikisogea matundu ya ubavuni yanazibana.

NjoroKuku
Sawa mama. Mzigo wa kwanza ni wa Burnt Forest, katoni ishirini. Nitasimama Mau Summit na Timboroa nisikize.

BabaAchieng_Ksm
Ukipata mzigo wa Kisumu nitafute hapa, nataka kuwapokea nipime mwenyewe na hicho kipimajoto cha mama.

Dereva_A104
Fundi moja ya mwisho, yangu lori ni volti 24. Nikinunua kontrola ya mwinuko ya hiyo ya NjoroKuku itaingiana?

FundiShabab
Usiichukue hivyo hivyo. Hita plagi, pampu na feni za 12 sio za 24, na kontrola lazima ielewane na bodi iliyo ndani ya hita yako. Soma bamba la ubavuni mwa hita, piga picha ya plagi ya waya na ya bodi, uniletee hapa Shabab ukipita, tulinganishe kabla hujalipa.